Kilo Tisa na Nyongeza

Daktari aliyenifanyia upasuaji wa ngiri ni binti mdogo mwenye sauti ya upole, na hapo ndipo aliponiweza. Angenifokea ningebishana naye mpaka jioni. Badala yake alinishika bega akasema, "Mzee wangu, kuanzia leo usibebe kitu kinachozidi kilo tisa."

"Tisa? Binti yangu, mimi nina bucha. Paja moja la ng'ombe linakuzidi wewe na hicho kiti ulichokalia."

"Basi litabebwa na wengine. Tisa, mzee."

Nimebeba nyama begani miaka thelathini na nne. Mkono wangu wa kulia ni mizani. Nipe kitu nikishike, nitakutajia uzito wake, na nikikosea nimekosea kwa kijiko cha chumvi. Watu wa mtaani wamenijaribu kwa matofali, kwa vitabu vya dini, hata kwa paka. Paka alikuwa kilo nne na robo, na alinikwaruza.

Mkono huo nilirithi kwa marehemu baba pamoja na bucha yenyewe. Mzee alinifundisha mambo mawili tu: kunoa kisu na kutoa nyongeza. Nyongeza ni kile kipande kidogo unachomtupia mteja juu ya nyama aliyonunua. Lakini ina utaratibu wake. Unasubiri mizani isome, mteja aone kwa macho yake kwamba kilo ni kilo, ndipo unakata kipande na kuweka. "Ukiweka kabla mizani haijasoma," mzee alikuwa akisema, "atajuaje kwamba umempa?" Mpaka leo hakuna mtu anayetoka kwangu bila nyongeza, hata yule mama anayeniambia kila wiki kwamba nyama yangu ni mifupa mitupu.

Basi siku ile nilirudi nyumbani nimenuna, na nikamkuta mke wangu ameitandaza ramani juu ya meza ya chakula.

Mke wangu alifundisha jiografia tangu ujana wake mpaka alipostaafu, wiki ile ile. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi pia namwita Mwalimu, maana nyumbani kwetu anayesahihisha ni yeye. Yeye huniita Baba Pacha kwa sababu ya wale wawili tuliowapata kwa mpigo mmoja, ambao sasa wana nyumba zao na hutupigia simu kila Jumapili kutuuliza kama tumekula. Shule ilimuaga kwa kumpa ramani ya ukutani aliyoifundishia miaka yote. Imechanika pembeni, na mahali pamoja, katikati ya milima, karatasi imefifia kwa kuguswaguswa. Hapo pana doa la buluu, dogo kama punje ya dengu. Ni ziwa. Waliochora ramani hawakulipa jina.

Kidole kilichofifisha pale ni chake. Ahadi ya kumpeleka pale ni yangu. Kabla hatujaoana alinionyesha lile doa, na mimi, kijana wa kujipiga kifua, nikamwambia, "Hapo nitakupeleka. Tutalala siku mbili, mimi na wewe, pasipo na mlango wala jirani." Kisha baba akafariki, bucha ikawa yangu, wakaja pacha, na nyama haijui likizo. Miaka thelathini na nne ikapita. Hakunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Angenisema ningejitetea.

"Baba Pacha," akasema bila kuinua macho, "Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunapanda."

"Tunapanda nini?"

"Usijitie hamnazo."

Nikamweleza habari za daktari na kilo tisa. Nilitegemea anionee huruma. Aliandika "9" kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akasema, "Zinatosha."

"Zinatosha nini? Siku mbili porini, na hema, na chakula, na blanketi?"

"Mwalimu wa Michezo anabeba saba."

Hapo damu ikanichemka. Mwalimu wa Michezo alikuwa mwenzake shuleni, mtu mwembamba asiyezeeka, na kila miezi miwili mitatu yeye na kikundi chake hupanda milima kulala huko. Nina hakika ni mtu mwema. Ila nimesikia habari za wepesi wa mizigo yake zaidi ya nilivyosikia habari za ndugu zangu.

"Sikiliza," Mwalimu akasema, na sasa aliniangalia. "Mimi nitabeba kumi. Mgongo wangu ni wa mwalimu, si wa punda, kwa hiyo kumi na si zaidi. Wewe tisa. Ijumaa hiyo asubuhi tutapima kwenye mizani yako mwenyewe. Ikisoma tisa, tunakwenda wawili. Ikizidi, sitakuua kwa ajili ya ziwa. Nitakwenda na Mwalimu wa Michezo na wenzake, wanaondoka siku hiyo hiyo saa moja na wameshanikaribisha. Ila nitakwenda, Baba Pacha. Nimeshaona hilo doa vya kutosha."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira. Usiku ule nilipiga moyo konde kwamba mtu akisimama kando ya lile ziwa na mke wangu, mtu huyo atakuwa mimi.

Jumapili bucha ikiwa imefungwa, nikakusanya vitu vyangu na kuvipeleka huko. Nilikuwa makini sana. Nilichukua vya lazima tu: turubai la lori, blanketi la sufi alilolalia baba, godoro jembamba, taa ya mafuta, sufuria yenye kifuniko, shoka, jerikeni, kigoda cha kukalia, na kisu changu kikubwa pamoja na kisu cha pili cha kukisaidia. Nikavifunga kwa kamba, tena nikavifunga kwa kamba ya pili kuisaidia ile ya kwanza. Mwalimu na jirani yangu fundi viatu wakaupandisha mzigo kwenye ndoano ya mizani, maana mimi nilikatazwa kuugusa.

Mizani ikasoma thelathini na moja.

Fundi viatu ana kibanda ubavuni mwa bucha yangu, na hajawahi kukosa neno tangu azaliwe. "Jirani," akasema, "unapanda mlima au unahama?"

"Wewe nyamaza, hukuombwa hesabu."

"Shemeji, mwambie abebe na mlango. Huko juu atakosa cha kufunga."

Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari, akatenga sakafu mafungu matatu. La kwanza akaliita Lazima. La pili akaliita Huenda. La tatu akaliita Baba Pacha. Kisha akaanza kuvigawa vitu vyangu, na fungu langu likawa mlima wenyewe.

"Kitu kikitaka kuja na sisi," akasema, "kifanye kazi mbili. Kinachofanya kazi moja kibaki nyumbani."

"Kigoda nakalia, na nikisimama nafikia juu."

"Juu ya nini? Juu ya wingu?"

Kigoda kikaenda fungu langu. Turubai likafuata, kwa sababu yule bwana wa michezo alikuwa ametuazima hema lake la ziada la kitambaa chembamba, watu wawili, kilo moja na robo, lisilokuwa na nguzo. Nguzo zake ni fimbo zetu za kutembelea. Unafika, unazichomeka, hema linasimama. Nililishika kwa mkono nikaona ni kweli, moja na robo kamili. Sufuria ikabaki moja, ndogo, isiyo na mkono, nayo ndiyo sahani na ndiyo bakuli. Nguo za akiba zikatiwa kwenye mfuko wake, na mfuko ukawa mto. Shoka likaondoka. Jerikeni likaondoka, maana tunakwenda ziwani, na hapo niliona aibu kidogo.

Kisu kilinitoa jasho. Nimekishika kisu kile kila siku tangu baba anikabidhi, na kwenda mahali bila hicho ni kwenda nusu. Nilikishikilia nikasema hakiwekwi chini. Fundi viatu akaingia kibandani kwake, akarudi na kijisu cha kukatia ngozi, kifupi kama kidole gumba.

"Gramu thelathini," nikasema nilipokipokea.

"Basi chukua. Ukirudi unirudishie kikali, maana najua utakinoa tu."

Nikakiweka kisu cha baba kwenye fungu langu mwenyewe kwa mkono wangu, nikageuka upande mwingine.

Jambo lililonishinda kuamini ni mfuko wa kulalia. Mwalimu alileta miwili, imejaa manyoya laini, na ukiikunja kila mmoja unaingia ndani ya kofia. Mkono wangu ukasema gramu mia nane. Blanketi la baba ni kilo nne na ushee, na hata hilo siku za baridi linahitaji msaada.

"Kitu kinachopeperuka kitazuia baridi gani?" nikauliza. "Nipe ushahidi."

"Ushahidi unataka?" akasema Mwalimu, akatazama nyuma ya bucha, kwenye mlango wa chumba cha baridi.

Nikawa sina pa kukimbilia. Tulitandika kijigodoro cha povu alichokuja nacho katikati ya chumba cha baridi, chini ya mbavu zilizoning'inia, nami nikajiingiza ndani ya mfuko mpaka puani. Mlango ukaachwa wazi kidogo, na Mwalimu akakaa nje kwenye kile kigoda changu akiwa amevaa koti, ana saa mkononi. Tulikubaliana dakika thelathini. Nilijiandaa kutoka baada ya tano nikitetemeka ili nishinde ubishi.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya fundi viatu. "Shemeji, amekufa?"

"Anakoroma."

"Mungu mkubwa. Miaka yote hii nadhani hicho chumba ni cha nyama."

Saa nzima ilikuwa imepita. Niliamka nina jasho mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu niambiwe kilo tisa, nikacheka. Nikasema kwa sauti kwamba nimeshindwa. Mwalimu aliandika kwenye daftari tarehe na saa niliyoyasema maneno hayo.

Tangu siku hiyo nikaingiwa na wazimu wa kupunguza. Kila jioni baada ya kufunga tulipima kitu kimoja kimoja. Nilikata lebo za nguo. Nilimpelekea fundi viatu buti zangu zenye chuma puani, akaziweka pembeni akanishonea viatu vya ngozi laini, soli ya mpira, vyepesi hata nikawa najisahau kama nimevaa. Nililaza mswaki wangu juu ya gogo la kukatia nyama, nikaukata mpini kwa msumeno wa mifupa. Mwalimu akapima kile kipande kilichoanguka.

"Gramu nne," akasema.

"Gramu nne ni gramu nne."

"Naona tumekuwa wawili sasa," akasema, na akanisugua kichwa kama alivyokuwa akiwasugua pacha wakipata mia kwa mia. Nilifurahi kitoto kabisa.

Alhamisi tukajumlisha. Daftari lake lilikuwa na mstari kwa kila kitu, mpaka kijiko, mpaka sindano na uzi. Upande wake, kumi kamili. Upande wangu, tisa kamili, pamoja na chakula chote cha siku mbili, ambacho tuliamua kikae kwangu kwa sababu kingepungua kadiri tunavyokula. Vyakula vilikuwa bado kwenye magunia na makopo ya nyumbani. "Kazi ya kupima na kufunga chakula ni yako," akaniambia. "Fundi wa mizani ni wewe. Fuata tu nilivyoandika." Nikapeleka kila kitu buchani, nikapima kwa makini yote, nikafunga kwenye karatasi zangu za nyama, kifurushi baada ya kifurushi. Nikaandika na kibao cha mlangoni: Tumefunga, tutafungua Jumatatu. Tangu nirithi bucha ile, kibao hicho kilikuwa kimening'inizwa kwa misiba na upasuaji tu.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa buchani. Fundi viatu alikuwa ameamka mapema kutushuhudia, au kunicheka, kwake yote ni mamoja. Akalitundika begi la Mwalimu. Kumi. Sindano ikatulia pale pale, hata haikutetemeka. Likaja langu.

Tisa na gramu mia sita na ishirini.

"Limeshika ukuta," nikasema. "Lisogeze."

Akalisogeza. Tisa, mia sita na ishirini.

Hakuna aliyecheka safari hii, hata fundi viatu. Mwalimu alitazama daftari, akatazama mizani, akatazama saa yake. Shuleni kwa miguu ni dakika kumi, na kikundi kinaondoka saa moja. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya upasuaji, maana siku ile angalau nililazwa usingizi. Nilitaka kusema kwamba mia sita si kitu, kwamba daktari hatajua, lakini nilimwona usoni kwamba yeye atajua, na atahesabu kila hatua yangu mpaka juu akingoja nianguke. Safari ya namna hiyo hata mimi nisingemtakia.

"Fungua," akasema.

Tukamwaga kila kitu juu ya gogo. Nguo zilikuwa sawa na daftari. Mfuko wa kulalia, sawa. Kisha akachukua kifurushi cha mchele. Kwenye daftari ni gramu mia nane. Mizani ndogo ya mezani ikasoma mia tisa na sabini.

Akachukua dengu. Zilizidi kwa gramu mia moja na arobaini. Sukari, chumvi, majani ya chai, njugu, kila kimoja kilikuwa na kidogo juu yake. Kamba iliyoandikwa mita tano ilikuwa tano na mkono mmoja. Kiberiti kimoja kilikuwa viwili.

Naapa sikukumbuka kuweka hata punje. Nilipima sawasawa, niliiona mizani ikisoma sawasawa, na kisha mkono huu wa kulia, bila kuniuliza, ukachota kidogo na kutupia juu kabla sijafunga karatasi. Umefanya hivyo mara ngapi kwa siku, siku ngapi kwa mwaka?

"Nyongeza," akasema fundi viatu kwa sauti ya chini. "Amejipa nyongeza mwenyewe!"

Mwalimu akajishika mbavu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, sakafu ya bucha, na nguo zake safi za safari. "Haba na haba hujaza kibaba, Baba Pacha," akasema akifuta machozi, "na chako kimefurika."

"Cheka haraka," nikasema, "saa inakwenda."

Akainuka. "Weka mikono nyuma."

"Nini?"

"Mikono nyuma, na isirudi mbele mpaka nikuambie."

Nikasimama na mikono nyuma mbele ya gogo langu mwenyewe, kama mtoto aliyepatikana na sukari mdomoni, huku yeye akipunguza kila kifurushi mpaka kikalingana na daftari. Alivyovitoa alivirundika kwenye kitambaa pembeni. Fundi viatu akatundika begi tena. Sindano ikapanda, ikayumba, ikakaa.

Tisa.

Sikungoja kuambiwa. Nilirudisha mikono mbele nikamkumbatia mke wangu, nikamkumbatia na fundi viatu, jambo ambalo sikutarajia kulifanya katika maisha haya.

"Kafunge mlango wa nyuma tuondoke," akasema Mwalimu, "kabla mkono wako haujapata wazo jingine."

Nilipotoka nyuma tayari alikuwa amevaa begi lake, na gogo lilikuwa tupu, limefutwa.

Gari la kukodi lilituacha mahali barabara inapokata tamaa, na kutoka hapo ilikuwa ni miguu. Nataka kusema ukweli kuhusu kutembea na kilo tisa. Saa ya kwanza nilikuwa nageuka kuangalia kama nimesahau begi. Njia ilipanda, ikaingia msituni, ikavuka kijito, na mimi nilikuwa naimba. Nina umri wa miaka sitini na mmoja na nilikuwa naimba mlimani, na palipokuwa na mawe niliruka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nalo la kwangu.

Saa sita tukapumzika kwenye jiwe pana. Ulipofika wakati wa kuondoka nililinyanyua begi la Mwalimu nimsaidie kulivaa, na mkono wangu ukashtuka.

"Hili si kumi," nikasema.

"Ni kumi. Uliona mwenyewe."

"Ni kumi na nusu na ushee."

"Mkono wako umezeeka," akasema, akaingiza bega lake kwenye mkanda na kutangulia.

Maneno hayo yalinichoma. Nilitembea nusu saa nikipima mawe madogo njiani, moja baada ya jingine, na kuyatupa. Labda ni kweli. Labda ngiri ilitoka na kitu kingine. Nikajiambia kwamba mtu hawezi kuwa na kila kitu, na leo nina cha kutosha.

Tulifika saa tisa alasiri. Njia ilipinda nyuma ya mwamba, na chini yetu likawa pale. Si kubwa. Ungeweza kumrushia mtu jiwe ng'ambo na kumkosa kidogo. Maji yake ni ya kijani ukiwa mbali na meupe ukiwa karibu, na pembezoni kuna majani marefu ambamo ndege wadogo walikuwa wakigombana. Hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna mtu anayeuza kitu.

Mwalimu alishuka mpaka majini bila kuvua begi. Akachuchumaa, akanyoosha kidole kile kile, akagusa maji.

"Ndilo," akasema.

Nililia na sioni aibu. Nilimwambia anisamehe kwa kuchelewa miaka thelathini na nne, akaniambia nisimharibie ziwa lake kwa kelele, nichomeke fimbo hema lisimame.

Siku mbili zile sitazieleza zote, nyingine ni zetu. Tulilala mapema na kuamka na ndege. Usiku wa kwanza mvua ilipiga kile kitambaa cha kilo moja na robo, na ndani tulikuwa wakavu, tunasikiliza. Tulikula wali kwenye sufuria moja kwa vijiko viwili na kugombania ukoko. Alinionyesha jinsi maji yanavyoingia ziwani upande mmoja na kutokea upande mwingine, mambo aliyoyafundisha maisha yake yote bila kuyaona, na kila alipogundua kwamba alikuwa sahihi alinipiga begani. Nilimwosha miguu kwa maji ya baridi akapiga yowe likarudi mara tatu kutoka mlimani.

Jumapili asubuhi nilikunja mfuko wangu wa kulalia, nikafunga begi, nikamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu majini, hajakunja chochote.

"Mwalimu, jua linapanda."

"Naliona."

"Njia ni ndefu."

Akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, sauti ya mtu anayeomba, "Baba Pacha, tulale siku moja zaidi."

Roho ilinipasuka. Ningempa mwezi mzima kama ningekuwa nao. Lakini nilikuwa nimeshakung'uta karatasi ya mwisho ya mchele asubuhi ile, na mbele yetu kulikuwa na saa tano za kushuka.

"Chakula kimekwisha, mke wangu," nikasema. "Tulikula kama ulivyoandika. Hakuna hata punje. Ungeniachia kile kidogo changu..."

Akainuka, akaenda kwenye begi lake, akaingiza mkono mpaka chini kabisa. Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akaniwekea kwenye mkono wa kulia.

Sikuhitaji kukifungua. Gramu mia sita na ishirini. Mchele, dengu, sukari, chumvi, chai na njugu, kamba urefu wa mkono, kiberiti cha pili.

"Ulisema mkono wangu umezeeka," nikasema.

"Ningesema nini?"

"Na ulisema kumi na si zaidi. Kwenye mizani ilikuwa kumi. Niliona."

"Mizani ilikuwa imeshasoma, Baba Pacha," akasema. "Si ndivyo inavyowekwa?"

Nikachukua sufuria nikashuka kuchota maji. Kibao cha bucha kilisema tutafungua Jumatatu. Nilifungua Jumanne, saa nne kasorobo, na wateja walikuwa wamejipanga mpaka kibandani kwa fundi viatu.